Mapacha wa kondo moja: majibu kwa maswali yenu kuhusu ultrasaundi

Shikamoo daktari. Nina mimba ya wiki 13. Karatasi ya ultrasaundi imeandikwa "mapacha, kondo moja, chupa mbili", nami nimeambiwa niko salama. Je, watakuwa wa kufanana? (Mama kijacho, Usa River)

Marahaba, mama. Aliyeandika "kondo moja, chupa mbili" amekufanyia kazi kubwa kuliko ile ya kukwambia ni mapacha. Chupa ni mfuko wa ngozi nyembamba wenye maji anamokaa mtoto. Wako kila mmoja ana chupa yake, lakini wote wawili wanalishwa na kondo moja la nyuma. Jambo hili huonekana vizuri kati ya wiki ya 11 na ya 14, pale ukuta unaotenganisha chupa unapokutana na kondo. Makondo yakiwa mawili yaliyobanana, nyama yake hupenya katikati ya ukuta kama kabari iliyopigwa kwenye gogo. Kondo likiwa moja, ukuta husimama juu yake mwembamba na wima, kama herufi T iliyopinduliwa.

Watafanana, na watakuwa wa jinsia moja, kwa kuwa mapacha wa kondo moja hutokana na yai moja lililogawanyika. Hata hivyo, takriban theluthi moja ya mapacha wa yai moja huwa na makondo mawili, na kwa hiyo kufanana kwa watoto hakutuambii lolote kuhusu usalama wa mimba. Kondo ndilo linalotuambia. Kuhusu neno "salama", lichukue kuwa ni la siku ile uliyopimwa, kisha urudi wiki ya 16.

Mke wangu ametakiwa apige picha kila wiki mbili. Jirani yetu alijifungua mapacha baada ya picha mbili tu. Je, si njia ya kututoza fedha? (Baba, Sakina)

Sijui mapacha wa jirani yenu walikuwa na makondo mangapi, lakini hata wa makondo mawili kwa kawaida hupimwa kila baada ya wiki nne, hivyo picha mbili si kipimo cha kujilinganisha nacho. Kwenye kondo moja, mishipa ya damu ya mtoto mmoja huungana na ya mwenzake juu ya kondo hilo, na katika takriban mimba 10 hadi 15 kati ya kila 100 za kondo moja na chupa mbili, damu huanza kuegemea upande mmoja. Mtoto anayetoa damu hukojoa kidogo na maji yake hukauka. Anayepokea hukojoa mno, chupa yake hujaa, na moyo wake hulemewa.

Ndiyo maana mpimaji hukawia kwenye vitu ambavyo mzazi havimvutii sana. Hupima kina cha maji ya kila chupa: upande mmoja ukishuka chini ya sentimita 2 na mwingine ukafika sentimita 8 au zaidi, hiyo ni dharura. Hutafuta kibofu cha kila mtoto, na kibofu kisichoonekana kikijaa humfanya asubiri na kurudia. Mtoto aliyeishiwa maji hubanwa na ukuta wa chupa yake kwenye upande wa mfuko wa uzazi, akaonekana ametulia tuli, na familia ikasema huyu ni mpole. Si upole.

Hali hii inaweza kubadilika ndani ya siku chache, na ikigunduliwa mapema ipo tiba ya kuziba mishipa hiyo kwa miale ya leza, ingawa haifanyiki kila hospitali, kwa hiyo rufaa haipaswi kusubiri. Tumbo likikua ghafla, likakaza, au mama akaishiwa pumzi, nendeni siku hiyo hiyo bila kungoja tarehe ya kadi.

Mkwe wangu ana mapacha wa kondo moja. Mmoja ana gramu 1,200, mwingine 850. Nimpe chakula gani yule mdogo akue? (Bibi, Marangu)

Shikamoo bibi. Mtori wako ni mzuri kwa mama, lakini hauwezi kumfikia mjukuu mmoja na kumwacha mwingine. Mara nyingi tofauti hiyo hutokana na mgawo wa kondo: mmoja amepata sehemu kubwa, mwenzake kipande. Chukua 1,200 utoe 850, unapata 350. Ukigawa kwa 1,200 ni asilimia 29. Ikizidi asilimia 25, daktari atataka kuona jinsi damu inavyopita katika kitovu cha yule mdogo, na vipimo vitaongezwa.

Picha zote zitaje mtoto yupi ni yupi kwa mahali alipo, kwa mfano "kushoto, chini". Nimewahi kuona ripoti mbili ambamo namba zilibadilishana, na mtoto aliyedumaa akasomeka kana kwamba amenenepa. Tena, "mtoto wa kwanza" wa kwenye picha si lazima awe ndiye Kulwa siku ya kuzaliwa.

Nimepima kwa mara ya kwanza nikiwa na wiki 24. Je, kondo bado linajulikana? (Karatu)

Wakiwa jinsia tofauti, jibu ni makondo mawili. Wakiwa jinsia moja na ukuta hauonyeshi wazi, utahudumiwa kama mwenye kondo moja hadi ithibitike vinginevyo.

Picha nyingi haziwaunguzi watoto? (Majengo, Moshi)

Hapana. Ni mawimbi ya sauti, si mionzi ya eksirei.

Nitajifungua lini? (Mama kijacho, Himo)

Mapacha wa kondo moja na chupa mbili wasio na tatizo huzalishwa karibu na wiki ya 36. Wa chupa moja, ambao vitovu vyao huweza kusokotana, hutolewa kwa upasuaji kati ya wiki ya 32 na ya 34. Wiki hizo zihesabiwe kwa picha ya mapema, kwa kipimo cha mtoto aliye mrefu zaidi. Kwa kuwa watoto wa umri huo huenda wakahitaji chumba cha njiti, zungumza kliniki mapema kuhusu rufaa ya KCMC, hospitali kubwa ya rufaa iliyoko Moshi, ukiwa bado unaweza kupanda gari bila uchungu.