Usinunue simu kwa kuhesabu macho ya nyuma

Mwaka juzi niliingia Kariakoo kutafuta simu kwa sababu moja tu: sendoff ya binti wa dada yangu ilikuwa imekaribia, na picha za familia nilikabidhiwa mimi. Muuzaji akaniwekea mezani simu ya macho manne, yaani kamera nne, nyuma imeandikwa 108MP, megapikseli 108. "Kaka, hii ni mashine," akasema. Nikalipa.

Usiku ukumbini, taa za zambarau zinazunguka, binti anaingia anacheza na mashoga zake. Nikabonyeza. Nilichopata ni gauni lililovutika kama moshi na nyuso zisizo na macho. Mdogo wangu, na simu yake kuukuu ya macho mawili, alipata picha ambayo hadi leo iko kwenye fremu sebuleni kwa dada. Kila nikienda pale naiona.

Ile 108 haikuwa uongo, ila haikuwa na maana niliyoidhani. Sensa ya namna hiyo, yaani kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, kwa kawaida huunganisha vidoa tisa vya picha (pikseli) kuwa kimoja, kwa hiyo picha inayotoka ni ya megapikseli 12. Ya 50 huunganisha vinne, nayo inakupa 12 na ushei. Tofauti iko kwenye ukubwa wa sensa na jinsi programu inavyoichakata picha. Na macho yangu manne? Mawili yalikuwa ya megapikseli 2 tu. Lile la kupiga vitu vya karibu nimelitumia mara moja, kupiga punje ya mchele.

Siku hizi kwenye boksi natafuta herufi tatu, OIS. Maana yake lenzi inajisogeza kidogo kufidia mtetemo wa mkono, inasaidia sana usiku. Lakini haimsaidii anayecheza. Huyo anataka simu inayonasa haraka, na hilo boksi halikwambii.

Kwa hiyo jaribu palepale dukani. Mwombe muuzaji asimame mlangoni, barabara yenye jua ikiwa nyuma yake, wewe ukiwa ndani. Simu dhaifu itakupa barabara nzuri na mtu mweusi kama kivuli, au itamng'arisha uso mpaka awe wa kijivu. Kisha mwambie apunge mkono, upige mara tatu mfululizo. Vuta picha karibu uangalie nyusi: kama zimekuwa doa moja la rangi, achana nayo. Ukilinganisha simu mbili, usiangalie kila picha kwenye kioo chake, maana kioo kizuri kinaipendezesha hata picha mbovu. Zirushe zote kwenye simu yako kwa Bluetooth. WhatsApp hapana, inazibana, ingawa tangu 2023 kuna kitufe cha HD.

Suala la kamera kuzitoa ngozi zetu nyeusi kwa rangi yake halisi nalipa uzito kuliko zoom. Google walilishughulikia waziwazi mwaka 2021 kwenye simu yao ya Pixel 6, wakaliita Real Tone, na Tecno wamezitangaza simu zao za Camon kwa hoja hiyohiyo. Mimi sinunui tangazo. Nampiga picha muuzaji, kisha naangalia kama rangi kwenye picha ndiyo rangi ya mtu aliye mbele yangu. Kama bajeti ni ndogo, bora simu ya daraja la juu ya miaka mitatu iliyopita, iliyotumika, kuliko mpya yenye macho mengi. Kagua tu betri, na uulize kama bado inapata masasisho.

Kabla ya yote hayo, futa kioo cha kamera uliyonayo. Shati linatosha. Nusu ya ukungu tunaolalamikia ni mafuta ya vidole. Mdogo wangu sijawahi kumwambia, lakini usiku ule wa sendoff nilipiga picha nikiwa nimetoka kula sambusa.