Kata tunda kwanza, dawa baadaye

Swali: Parachichi zangu zina wadudu. Nipulizie dawa gani? (Tukuyu)

Jibu: Wadudu gani, ndugu yangu? Kila wiki napata swali hili, na hakuna anayeniambia ameona nini ndani ya tunda. Chukua kisu, pasua. Ukikuta funza wengi weupe, hawana miguu wala kichwa cha kuonekana, na nyama imelainika, huyo ni nzi wa matunda. Ukikuta kiwavi mmoja mwenye miguu na kichwa cha kahawia, mwili wa pinki akikomaa, na tunduni pametoka kinyesi cha chengachenga, huyo ni wa nondo.

Nzi jike hutoboa ganda na kuacha mayai mengi ndani. Nondo hutaga usiku, yai mojamoja juu ya ganda, na kiwavi akianguliwa huingia mwenyewe. Akishaingia, dawa ya juu haimpati. Unayepulizia baada ya kuona tundu unatupa fedha. Na anayepulizia miti ikiwa na maua anaua nyuki, kisha analalamika mti haukubeba.

Swali: Mtego umejaa nzi lakini maembe bado yanaoza. Nimeuziwa feki? (Kyela)

Jibu: Hapana. Kivutio cha methili yujenoli, kemikali ya harufu inayowekwa mtegoni, huita madume, na anayetaga ni jike. Huyo mfuate kwa chambo cha protini chenye sumu, ukipulizia sehemu ndogo tu ya kila mti. Nzi huyu asili yake ni Asia, alionekana Afrika Mashariki mwaka 2003. Nondo ni wa Afrika hapa hapa na ana kivutio chake. Msitumie cha nzi.

Swali: Matunda yaliyodondoka niwape mbuzi? (Mafinga)

Jibu: Maembe, sawa. Parachichi usithubutu, tunda wala majani. Ni sumu kwao.

Swali: Mimi naokota, jirani haokoti. Nifanyeje? (Rungwe)

Jibu: Hapa ndipo tunaposhindwa sote. Nzi na nondo wanatofautiana mengi, lakini wote wawili hutoka kwenye tunda na kugeuka pupa (hatua ya kabla ya kuwa mdudu mwenye mabawa) ardhini, chini ya mti uleule. Kurundika mabovu pembeni ya shamba ni kuwafuga. Okota angalau mara mbili kwa wiki, uyafukie kwa kina kinachozidi nusu mita, au uyafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki na kuuacha juani wiki nzima. Jirani mpelekee tunda lake mwenyewe, ulipasue mbele yake. Akikubali, chimbeni shimo moja mpakani, mlitumie wote.