Kabla ya kupanda kilima na sledi, tazama kule chini

Wengi wetu tuliokulia Mombasa au Mwanza, tukishafika Toronto na watoto, huanza kwa kuulizana sledi gani, yaani chombo cha kukalia na kuteleza kwenye theluji, inunuliwe. Sledi ni jambo dogo. Kazi ni kuchagua kilima, hasa kule chini kinakoishia.

Mtoto akishaachiwa, hana breki. Ndiyo maana nateremka kwa miguu hadi chini kabla mtu hajakaa kwenye sledi. Naangalia miti, nguzo za taa, uzio, mto, barabara, magari yaliyoegeshwa. Theluji nyingi hufunika visiki na mawe, kwa hiyo nakanyagakanyaga njia nzima. Kisha nataka uwanja mrefu wa tambarare, sledi ipungue mwendo na kusimama yenyewe. Naipenda bustani ya Christie Pits hapa Toronto kwa sababu hiyo: zamani palichimbwa mchanga na kokoto, likabaki shimo kubwa. Leo kingo zake ndizo vilima, na katikati ni viwanja vya michezo.

Januari 2024 jiji lilipiga marufuku kuteleza kwenye vilima 45. Watu walilalamika kweli, na wengine wakateleza mbele ya bango lenyewe. Mimi nikiona bango nageuza gari. Sawa, labda jiji linaogopa kesi, lakini mti uliofanya waweke bango bado umesimama palepale.

Siku nayo huchaguliwa. Mvua ikinyesha usiku ikaganda, asubuhi kilima chote ni barafu, na kuiangukia ni sawa na kuangukia sakafu ya saruji. Siku hiyo tunacheza karata nyumbani. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, basi tunatoka mapema mchana.

Watoto wakae kitako, miguu mbele; kulala kifudifudi kichwa kikitangulia sikubali hata kwa machozi. Kichwani helmeti ya hoki au ya ski. Sledi za mpira za kujaza upepo sizipendi: zinazunguka ovyo, na mtoto hujikuta anashuka kinyumenyume. Skafu na kamba za koti hunasa, kwa hiyo shingoni wanavaa kitambaa cha mviringo cha kuvuta. Wafundishe pia, kwenye mteremko mdogo, kujiangusha ubavuni na kuiacha sledi iende zake.

Kupanda ni kwa pembeni, si katikati ya njia. Mkubwa mmoja hukaa juu, mwingine chini, na wa juu haachii mtoto mpaka wa chini ainue mkono. Shangazi yao alipotutembelea kutoka Tanga tulimpa kazi ya chini. Alivaa makoti mawili na khanga juu yake, akawa anafoka, "Tokeni njiani!" Hata Wazungu wasioelewa neno walitoka.

Glavu za akiba nazibeba mfukoni, maana zikilowa vidole hufa ganzi upesi. Madaktari wa huku husema utazame ngozi ikipauka, lakini kwenye ngozi zetu hilo halionekani haraka. Mimi nabana ncha ya kidole na kumuuliza mtoto kama anasikia. Akisema hasikii, tunaingia garini hapo hapo. Vidole anavitia kwapani, havisuguliwi, na ombi la "mara moja tu ya mwisho" halina nafasi.