Waziri ana vipaumbele, zahanati ina kabati

Kila bajeti ya Wizara ya Afya inaposomwa bungeni hapa Dodoma, wiki inayofuata maswali hunijia kwa wingi. Nimechukua matano. Nimeyafupisha, ila makali yake nimeyaacha.

"Kila mwaka Waziri anasema dawa ni kipaumbele. Huku kwetu ukimpeleka mtoto zahanati unapewa kikaratasi: kanunue duka la dawa. Nani anatudanganya?" (Baba wa watoto watatu, Kongwa)

Huenda hakuna anayekudanganya, ingawa najua jibu hilo halishushi homa. Zahanati yenu haiendeshwi na Waziri wa Afya. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya halmashauri, na halmashauri ziko TAMISEMI, yaani ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Wizara ya Afya inatunga sera na kusimamia hospitali za rufaa za mikoa, kanda na taifa. Bohari ya Dawa, yaani MSD, nayo ni ya wizara hiyo, kwa hiyo Waziri hajanawa mikono kabisa.

Sasa kifuate kidonge chenyewe. Zahanati inaagiza MSD kupitia halmashauri. MSD wakikosa dawa fulani, zahanati inaruhusiwa kuinunua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyepatikana kwa zabuni ya mkoa. Utaratibu huo ulianzia hapa hapa Dodoma mwaka 2014, ukiitwa Jazia, ndipo ukasambazwa nchi nzima. Kwa hiyo ukiambiwa "MSD hawajaleta", mazungumzo hayajaisha. Na fedha? Tangu mwaka wa fedha 2017/18 zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya usimamizi, yenye wanakijiji ndani yake, ndiyo inayopitisha matumizi.

Mwaka jana nilikaa kwenye benchi la zahanati moja ya mkoa huu, jina nalihifadhi. Ukutani palikuwa na tangazo la mapato na matumizi la miezi tisa nyuma, kona moja imeliwa na panya. Nikauliza kamati ilikutana lini. Muuguzi akacheka: mwenyekiti wake alikwenda machimboni, hajarudi. Kabatini kulikuwa na panadol, dawa ya minyoo na katoni ya glavu. Leja ya dawa mseto ya malaria ilisoma sifuri kwa wiki ya tatu, na mshitiri hajaagizwa kitu kwa sababu hakuna kikao cha kuidhinisha. Kabati la namna hiyo hata bajeti ikiongezwa mara mbili litabaki vile vile. Nenda ofisi ya kijiji, uliza majina ya wajumbe wa kamati yenu na tarehe ya kikao cha mwisho. Ukiona mtendaji anakuna kichwa, umeshapata jibu.

"Nililipa bima ya CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) 30,000 ya kaya. Hospitali ya Benjamin Mkapa wakaikataa kadi. Nimetapeliwa?" (Mama lishe, Chamwino)

Hapana, dada, ila hukuelezwa vizuri. CHF iliyoboreshwa inatibu kaya ya hadi watu sita kuanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, tena kwa kufuata rufaa. Kwako mwisho ni hospitali ya mkoa, pale tunapopaita General. Benjamin Mkapa ni ya kanda.

Pengo hilo ndilo linalotakiwa kuzibwa na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023. Inamtaka kila mkazi awe na bima, na inaweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, baadhi ya vyanzo vyake vikiwa ushuru wa soda, pombe na vipodozi. Mtihani wa Waziri nauona kwenye kalenda. Mkulima wetu wa uwele na alizeti anashika fedha baada ya mavuno. Mfuate Julai, atatoa. Mfuate Januari, anakuonyesha ghala tupu.

"Mke wangu ana mimba ya miezi minane, na gari la wagonjwa liko wilayani. Hiyo 115 inafanya kazi kweli?" (Bahi)

Inafanya. Ni namba ya m-mama, kwa dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Kupiga ni bure. Gari la wagonjwa likiwa mbali, anatumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, na malipo yake si juu yako. Hapa serikali inastahili sifa: vifo vya uzazi vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, na 104 katika ule wa 2022. Lakini usisubiri uchungu wakati wa mvua, korongo likijaa hata dereva hapiti. Muulize nesi wa kliniki kuhusu chigonela, nyumba ya wajawazito kusubiria kujifungua karibu na kituo, shemeji akasubirie huko.

"Nina miaka 67. Mbona natozwa?" (Mzee, Kondoa)

Shikamoo, mzee wangu. Sera inasema wa miaka 60 na zaidi "asiye na uwezo" atibiwe bure, na mtego uko kwenye maneno hayo matatu: lazima utambuliwe kwanza. Anzia kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtendaji, na kitambulisho kitoke halmashauri. Nenda na mjukuu mwenye miguu ya kurudi mara ya pili.

"Wewe ungekuwa Waziri ungeanza na nini? Au kuandika ndiyo rahisi?" (Kijana, Makole)

Ni rahisi, nakubali. Ningeanza na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango wao ulizinduliwa Januari 2024, lengo likiwa wahudumu 137,294 kwa miaka mitano. Kumbuka sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, ya 2016, Dodoma na Manyara: watu 68 waliugua, 20 wakafariki, wengi wa waliougua wakiwa watoto, kwa mahindi waliyolima wazazi wao. Hilo halizuiliwi na jengo jipya la ghorofa. Linazuiliwa na mtu anayeingia hadi ghalani, anachota mahindi kiganjani, anatenga yaliyoota ukungu na kumwambia mama haya usiyasagie uji, na mwakani yaanike kwenye turubai, si chini. Mtu huyo apate posho yake kila mwezi bila kurukwa, na baiskeli. Aliyepita mtaani kwetu mwaka jana alikuja na ya kuazima, akaomba amalize haraka kabla mwenyewe hajaihitaji.