Kabla ya kuhesabu nyota, ujue mwanga ni wa nani

Wewe unayeanza kusoma makundi makubwa ya galaksi, nakuomba usikimbilie kuandika kasi ya kuzaliwa kwa nyota kabla hujajua mwanga unaoupima unatoka wapi.

Mwaka wangu wa kwanza nilitumia wiki tatu kwa galaksi moja iliyong'aa sana katika infraredi (mwanga usioonekana kwa macho, unaotoka kwenye vumbi lililopashwa joto, mara nyingi na nyota changa), karibu kabisa na kitovu cha kundi la mbali. Rasimu ilikuwa imeshaandikwa. Spektra, yaani mwanga uliotawanywa kwa rangi zake, ilipofika, mstari mwangavu wa gesi ya oksijeni haukuwa mahali pake: galaksi ile ilikuwa mbele ya kundi, imeangukia tu kwenye mstari mmoja nalo. Niliumia. Tangu hapo natafuta mstari huo kwanza. Hutoka ukiwa na urefu wa wimbi wa nanomita 372.7, lakini kadiri chanzo kilivyo mbali, ndivyo urefu huo unavyovutwa: kutoka kundi la galaksi la Phoenix hutufikia kwenye 595 hivi, na kwa makundi ya mbali zaidi huingia kwenye infraredi, macho hayauoni tena.

Phoenix lenyewe lisome polepole. Katika makundi mengi, gesi yenye joto la mamilioni ya digrii ingepaswa kupoa katikati na kuzaa nyota, lakini shimo jeusi huipasha upya, galaksi ya katikati ikabaki na nyota kuukuu. Phoenix si hivyo. Mwaka 2012 watafiti walikadiria kwamba galaksi yake ya katikati inazaa nyota zenye jumla ya uzito wa Jua 740 kila mwaka. Galaksi yetu, Njia Nyeupe, huzaa uzito wa Jua moja au mbili tu. Ila shimo jeusi la pale nalo hupasha vumbi joto, likang'aa katika infraredi. Ukijumlisha infraredi yote ukaiita nyota, umehesabu na moto wa shimo jeusi.

Halafu kuna kundi jingine la mbali, SpARCS1049+56, ambako nyota zenye jumla ya uzito wa Jua takriban 860 huzaliwa kwa mwaka. Kwa darubini ya infraredi ya Spitzer, mwanga ule ni doa moja pana linaloweza kufunika galaksi kadhaa. Picha kali zaidi ya darubini ya anga ya Hubble ndiyo iliyoonyesha mafundo yaliyopangana kama shanga uzini. Mwaka 2020, data za darubini ya eksirei ya Chandra, inayoona gesi ya moto, zilionyesha kuwa gesi iliyopoa zaidi iko pembeni ya galaksi ya katikati, si ndani yake, na shimo jeusi halina dalili ya kuipasha.

Kwa hiyo ukipewa kundi jipya, weka picha ya eksirei juu ya ile ya Hubble, chukua rula, upime gesi iko umbali gani na galaksi. Kanuni ya kasi ya kuzaliwa kwa nyota ifungue baadaye.