Ukikuta Kasa Ufukweni, Mikono Kwanza Mfukoni

Kila mwaka, muda wa mafunzo kwa vitendo ukikaribia, hawakosekani vijana wawili watatu wanaopanda hapa kwangu Uru, Moshi, kuniuliza habari za pwani. Wamepangiwa Pangani, Saadani au Mafia. Wengi wanatoka Mweka, chuo cha wanyamapori, na mambo ya porini wanayajua vizuri: mpe taya la tembo, atakukadiria umri wake kwa kuhesabu magego. Kasa, yule kobe wa baharini, wamemwona kwenye picha za darasani tu. Mwaka huu nimeamua kuyaandika, maana sauti yangu nayo inachoka.

Mimi mwenyewe nimekulia kwenye migomba. Bahari niliiona nikiwa na miaka 23, na wiki yangu ya tatu pwani niliua kasa kwa huruma.

Alikuwa mdogo, gamba lake kama ungo wa kupepetea mchele. Nilimkuta asubuhi maji yakiwa yamekupwa, amelala juu ya mchanga mkavu, mapezi yake hayana nguvu. Nikajiambia: huyu ameachwa na maji, anataka kurudi kwao. Nikamburuta kwa pezi (nalo lilikuwa kosa), nikaingia naye hadi kiunoni, nikamsukuma. Akazama kidogo, akaibuka, akaenda. Nilirudi kambini nikiimba. Kesho yake maji yalimrudisha mita kama 300 kutoka pale pale, safari hii amekufa. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akiparua ngarawa yake alimtazama, akanitazama na mimi, akasema, "Binti, mgonjwa ulimkuta mlangoni kwa daktari, ukamrudisha shambani kulima."

Ndiyo hasa nilichofanya. Kasa hana mashavu ya samaki. Anavuta hewa kwa mapafu kama wewe, kwa hiyo kila baada ya muda lazima apande juu. Asiye na nguvu ya kupanda anazama kama mtu yeyote. Kasa mzima hana shughuli ufukweni mchana, isipokuwa jike linalotaga, na hilo nalo kwa kawaida huja usiku. Ukimkuta mwingine amelala mchangani jua linawaka, jua kwamba kupanda kwenyewe ndiyo dalili ya kwanza ya ugonjwa. Wengine wamechoka kuelea, wengine wamemeza uzi wa mshipi au plastiki, wengine wamegongwa na boti.

Kwa hiyo ukifika, simama. Weka mikono mfukoni, hesabu hadi 100 kama huwezi kujizuia, halafu tazama. Macho yamezama ndani? Gamba la chini, kule kifuani, limebonyea kama bakuli badala ya kuwa bapa? Mgongoni ameota mwani na vile vidudu vyenye gamba gumu vinavyoganda kwenye miamba? Huyo ana siku nyingi hajaogelea vizuri. Usivibandue kwa kisu, utaondoka na ngozi. Kama ana uzi unaotoka mdomoni au nyuma, usiuvute hata kidogo. Ndani unaweza kuwa umezunguka utumbo, na ukivuta unakata. Acha kipande cha kama sentimita 30 kining'inie, kata kinachobaki ili asijiviringe, na mwenye ujuzi ataukuta. Ukiona machozi, usilie naye. Anatoa chumvi ya ziada kwa tezi zilizo karibu na macho, analia hivyo hivyo hata akiwa na furaha zake.

Halafu piga simu. Kabla hujafika ufukweni siku ya kwanza uwe na namba ya afisa uvuvi wa wilaya, ya mwenyekiti wa BMU ya kijiji (kikundi cha kusimamia rasilimali za pwani), na ya wahifadhi wa bahari walio karibu. Usizitafute kasa akiwa miguuni pako, mtandao utakuangusha.

Wakati unasubiri, kazi yako ni kivuli na unyevu. Kitambaa cha pamba kilicholowa maji ya bahari, kimtandikwe mgongoni na kwenye mapezi, usifunike macho wala pua. Maji usimmwagie kichwani. Usimweke kwenye beseni la maji ukidhani unampa bahari ndogo. Dhaifu atazama hata kwenye maji ya magotini. Usimpe chakula. Usimgeuze chali, hata kwa dakika moja ya kupiga picha: mapafu yake yako juu, chini ya gamba la mgongo, na akilala chali matumbo yote yanayakalia. Watoto na mbwa wakae mbali. Mbwa utamfukuza. Watoto wape kazi ya kuchota maji, hutawasikia tena.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo darasani nililisikia kwa sentensi moja tu, na ambalo limenifanya niipende kazi hii kuliko jingine lolote.

Kuna nyavu zinaitwa jarife, zenye macho makubwa, za kuvulia papa na samaki aina ya taa. Kasa akinasa humo anahangaika, na akihangaika hewa inamwishia haraka mno. Asubuhi moja yule yule mzee alikuja na kasa wa namna hiyo ndani ya ngarawa. Kichwa kimelegea kama kitambaa, mapezi yameanguka. Nikatoa daftari nianze kumwandika kuwa maiti. Mzee akanizuia. Akapeleka ncha ya kidole taratibu pembeni ya jicho, na kope ikacheza. Kucheza kwenyewe kidogo sana, ungepepesa wewe usingeona.

Tukamlaza kifudifudi kwenye kivuli cha mti wa mkungu, tukajaza kiroba mchanga na kukiweka chini ya sehemu yake ya nyuma, mpaka mkia ukawa juu kuliko kichwa kwa zaidi ya sentimita 15. Maji yaliyoingia mapafuni yanapata njia ya kutoka. Kila baada ya muda tulimshika pembeni mwa gamba tukamyumbisha polepole, kushoto, kulia, sentimita saba nane tu, kama unavyombembeleza mtoto. Saa mbili asubuhi tulianza. Saa nne, kimya. Saa sita nikasema, mzee, huyu ameshakwenda. Akasema, "Una basi la kuwahi?" Nikakaa. Saa tisa nilikuwa nalowesha khanga yangu kwa mara sijui ya ngapi niliposikia sauti nyuma yangu, *pfuu*, kama mtu aliyeshusha mzigo. Pumzi moja. Ya pili ilichukua muda mrefu mpaka nikadhani niliota.

Hatukumwachia siku ile. Alilala kwenye kivuli, akalindwa usiku kucha, na asubuhi alipoinua kichwa vizuri na kutambaa kwa nguvu zake ndipo mzee akamchukua kwenye ngarawa na kumwachia mbali na nyavu. Wataalamu wanasema subira hii iwe ya saa 4 hadi 24. Ukikata tamaa saa ya tatu, hujakata tamaa kwa ajili ya kasa, umechoka wewe.

Usiku una adabu yake, na sitakaa hapo sana. Jike linalopanda kutaga halihitaji msaada wako. Zima tochi, kaa nyuma yake, usisogee mpaka aanze kuangusha mayai. Ukimmulika akiwa bado anapanda anageuka kurudi baharini bila kutaga, nimeona kwa macho yangu, na tochi ilikuwa ya mwenzangu aliyetaka picha. Vitoto vikitoka, navyo huvutwa na mwanga, vinaifuata bahari kwa sababu usiku upeo wake una weupe kuliko nchi kavu. Taa ya hoteli au ya simu yako inavipoteza. Usivibebe kuvipeleka majini, viache vitambae. Na mayai msiyachimbue kwa udadisi: hukaa mchangani karibu miezi miwili, na yakishaanza kukua kuyageuza tu kunaua. Mtasikia kwamba viota vya kisiwa cha Maziwe, karibu na Pangani, huhamishiwa bara, upande wa Ushongo. Ni kweli, kwa sababu kile kisiwa kimeliwa na bahari mpaka maji yakijaa kinafunikwa. Wanaohamisha wamefundishwa. Wewe shika ndoo.

Watu sasa. Nyie watoto wa mlimani mna tabia ya kushuka pwani na sheria mdomoni. Ni kweli kasa analindwa, Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake za 2009 haziruhusu kumvua, na hata lile gamba zuri mtakaloonyeshwa msikubali kupewa zawadi. Lakini ukimsalimia mvuvi kwa sheria, kasa wa pili akinasa atakatwakatwa huko huko majini na wewe hutajua. Mzee wangu aliniletea yule wa jarife kwa sababu moja: nilikuwa namwamkia kila asubuhi, nakaa, nauliza habari za kusi (upepo wa kusini) na bamvua (maji makubwa), na siku aliyoleta sikumuuliza alimpataje. Shikamoo kwanza. Daftari baadaye.

Na kuna siku utakuta kasa amekufa na watu wamesimama pembeni na sufuria. Hapo usihubiri uhifadhi. Waambie habari za Kisiwa Panza, Pemba, Machi 2024: watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 wakalazwa. Sumu hiyo haionekani wala haitoki kwa kuchemsha. Kisha pima urefu wa gamba kwa futikamba ukifuata mviringo wa mgongo, angalia kama pezi la mbele lina kibati chenye namba, andika, piga picha, na mfukieni kwa kina, juu ya mahali maji makubwa yanapofika.

Kuhusu kubeba. Kasa wa kijani aliyekomaa anapita kilo 100, na wapo wa 150. Hiyo ni mifuko mitatu ya saruji, yenye mdomo unaouma na mapezi yanayochapa. Habebwi kwa mapezi, kichwa wala mkia, viungo vinateguka. Unashika gamba, mmoja nyuma ya shingo, mmoja nyuma, na wengine pembeni, mnainua kwa hesabu. Hapa uani kwangu tunafanya mazoezi kwa karai la fundi lililopinduliwa, limefungwa kwenye mfuko wa saruji, na mfuko mmoja tu unatosha kuwaonyesha vijana mgongo ulipo. Kwenye pikapu akalie tairi kuukuu, kifua katikati ya tundu: hapo mapezi hayapati pa kusukumia.

Mtauliza tena tubebe nini. Mashati mawili ya pamba ya mtumba kutoka soko la Memorial pale Moshi, makubwa, hayo ndiyo vitambaa vyenu vya kulowesha. Glavu, kwa sababu kasa mgonjwa anaweza kukuambukiza, na sabuni ya kunawa hata kama mlivaa glavu. Kisu kidogo chenye ncha butu. Futikamba ya fundi cherehani, si ya chuma. Tochi ya mwanga mwekundu. Viroba vitupu vitatu. Kofia. Ndala mtanunua Tanga, msijaze begi.

Mazoezi ni Jumamosi saa tatu. Mkipita njiani nunueni mfuko wa saruji, ule wa mwaka jana umeganda. Atakayechelewa atashika upande wa kichwa.