Nilivyojibu Swali la Kioo Kwenye Usaili

Tangu niandike kwamba nimepata ufadhili wa kusomea vioo vya darubini za eksirei, jumbe hazikatiki. Dada mmoja wa Mbagala kauliza lile ambalo wengine mnalizunguka: "Kaka, usaili uliupitaje?" Namjibu hapa, maana najua nanyi mnautaka ufadhili huohuo.

Waliniuliza kwa nini NuSTAR, darubini ya NASA iliyorushwa mwaka 2012, inaishia kiloelektronivolti 79 (hicho ni kipimo cha nishati ya eksirei), haioni zilizo kali zaidi ya hapo. Nikaanzia chini kabisa. Eksirei ikikipiga kioo wima haiakisiwi, inapenya au inamezwa. Ije kwa kuparaza, kama kijiwe bapa kinavyorushwa juu ya maji, ndipo inaruka. Ila nishati ikipanda, pembe hiyo inazidi kuwa finyu, mpaka kioo cha metali moja hakifai kitu. Kwa hiyo hupakwa tabaka nyingi za nanometa chache, metali nzito na kitu chepesi vikipishana. Kila mpaka unaakisi kidogo, na mawimbi yakioana yanajumlishana. Tena unene haulingani: nene hukaa juu, nyembamba chini, kwa ajili ya eksirei kali zinazopenya zaidi.

NuSTAR ina darubini mbili, kila moja na vioo duara 133 vilivyopachikwa kimoja ndani ya kingine. Vya nje vina tangsteni na silikoni, vya ndani platini na kaboni. Sasa platini yenyewe, nishati ikifika kiloelektronivolti 78.4, inaanza kuzimeza eksirei kwa pupa. Mlango umefungwa.

Mzee wa jopo akatabasamu. Nikajua nimepita.

Kuna mwalimu, hapahapa Dar, aliwahi kuniambia mbele ya darasa zima kwamba nyota ni za watoto wa wenye nacho, mimi nitafute kazi benki. Nasikia husoma ninayoandika. Shikamoo, mwalimu.

Ushauri wangu ni huu: ukikutana na namba, idai sababu yake. Vijana tunakariri mno! Tunabeba vyeti kwenye bahasha, tukiulizwa "kwa nini" tunatazama dari. Data za NuSTAR ni za bure mtandaoni, programu zake pia. Nunua bando la usiku, pakua. Kisha dai sababu. Nasema tena, dai sababu.

Dada wa Mbagala, anza na Cassiopeia A, mabaki ya nyota iliyolipuka. Titani-44 iliyomo, aina ya titani yenye mnururisho, hutoa mistari miwili, yaani eksirei za nishati mbili maalumu, karibu na kiloelektronivolti 68 na 78. Niandikie ni upi unaisumbua NuSTAR, na kwa nini.